Mbeleko Moja, Migongo Mitatu

Sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye chungu jikoni akakiepue kwanza. Mzigo huu wa maneno nitaubeba mpaka mlangoni kwenu. Kuutua ni kazi yenu.

Palikuwa na mchonga mizinga ya nyuki wa kijiji cha Kwemshindo, jina lake Singano. Uani kwake walikaa wanawake watatu, na kila mmoja Mungu alimpa mkono wake.

Mwantumu, mke mkubwa, alipewa mkono wa udongo. Akichomeka kijiti cha muhogo penye mawe, kinachipua. Mchicha wa wenzake ukinyauka, wake ndiyo kwanza unatanua masikio. Lakini jikoni, wacha tu. Ugali wake ulikuwa na mabuje ya unga mkavu, na maharage yake yaliingia mdomoni yakiwa bado yana ubishi.

Bi Kidawa, mama yake Singano, alipewa mkono wa chungu. Moto aliujua kwa kuusikiliza. Majani yale yale ambayo mwingine angemtupia mbuzi, yeye aliyapika mpaka wageni wakasahau kilichowaleta. Ila kiuno kilikuwa kimezeeka, shamba hakulifikia tena, na subira nayo ilikuwa imemwishia zamani.

Mashavu, mke mdogo, alipewa mkono wa kubembeleza. Kuku aliyetoroka kisu alimrudia yeye. Mtoto wa jirani akilia mpaka akabadilika rangi, huletwa kwa Mashavu, na kabla hajafikishwa kizingitini amenyamaza. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hajajaliwa. "Mgongo wa Mashavu haujawahi kulowa," walisema wanawake kisimani, na kila mmoja alijua ni mkojo wa nani unaosemwa.

Basi, mikono mitatu na macho sita. Mikono ilifanya kazi. Macho yalifanya wivu. Bi Kidawa akisifiwa mchuzi, Mwantumu anakumbuka kwamba nyanya zilikuwa zake. Mwantumu akisifiwa boga, Bi Kidawa anauliza, "Mmelila bichi?" Na Mashavu akisikia wenzake wanaitwa Mama Fulani na Bibi Fulani, huinama kuchochea moto ambao hauhitaji kuchochewa.

Mwantumu ndiye aliyezaa. Binti mmoja, Siwatu, mwenye kicheko cha kukatika katika kama maji yanayomiminwa kutoka kibuyu.

Sasa sikilizeni desturi ya Kwemshindo, maana ndiyo iliyoleta haya yote. Mtoto akiachishwa ziwa, akaupita mwaka wa kwanza wa kula chakula cha watu bila kurudi udongoni, baada ya mavuno hufungwa mbeleko mpya akazungushwa kijiji kizima kwa ngoma. Mgongo uliombeba siku hiyo ndio mgongo wake wa maisha. Siku atakayoolewa, mkaja, ile zawadi ya aliyemlea bi harusi, unakwenda kwa mgongo huo. Na mwenye mgongo akizeeka, mtoto huyo ndiye atakayemchukua nyumbani kwake na kumchemshia maji ya kuoga. Kwa kawaida hakuna anayeuliza ni mgongo wa nani. Ni wa mama, basi.

Siwatu aliachishwa mapema mno, meno ya juu hayajakamilika. Bi Kidawa alileta shubiri. "Mtoto anayetembea hanyonyi," alisema, "ataona haya mbele ya mbuzi." Mwantumu, aliyekuwa na shamba la kuwahi kabla ya mvua, akajipaka uchungu ule kifuani. Mashavu alimbeba mtoto akilia, akambembeleza, na moyoni akafurahi kidogo, maana sasa naye atapata zamu.

Hapo wivu ukaingia kwenye bakuli.

Asubuhi Mwantumu alimpa mwanawe uji wa muhogo mweupe, mwepesi, uliotiwa sukari mpaka kijiko kinanata. Mtoto akanywa, mama akatangaza uani: "Leo kanimalizia kikombe!" Bi Kidawa akasikia. Hakukubali. Akamwita mjukuu nyuma ya nyumba, akamchovyea andazi kwenye chai ya rangi. "Kwangu kala mawili," alisema. Mashavu naye akasikia. Akamenya muwa, akautafuna mwenyewe, akamkamulia maji mtoto mdomoni. Jioni mchezo ukaanza upya. Kila mwanamke alitaka mtoto amkimbilie yeye, na kila mmoja aligundua kwamba mtoto hukimbilia utamu. Likifika la chakula chenyewe, la maharage na majani, Siwatu aligeuza uso. Ameshiba! Nao wakasema, "Mtoto huyu halii njaa hata siku moja. Ua huu una baraka."

Nywele zikaanza kugeuka rangi, nyekundu nyekundu na nyepesi kama nyuzi za hindi. Tumbo likatangulia mbele. Kicheko kikakatika, safari hii hakikurudi. Siku moja Mwantumu alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, kishimo kikabaki pale pale, kimemkodolea kama jicho.

Wakakimbia zahanati, wote watatu, maana hakuna aliyetaka mwenzake ndiye aonekane kampeleka. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alimpima mtoto, akamtazama macho, akamwinulia nguo. Kisha akasema:

"Huyu ana njaa."

"Njaa?" Bi Kidawa alisimama. "Mtoto wa ua wenye wanawake watatu?"

"Jana alikula nini, bibi?"

Wakajibu wote pamoja, kila mmoja akijisifu. Uji kikombe kizima. Maandazi mawili. Muwa kipande hiki hapa, mpaka kiwiko. Nesi aliwaacha wamalize.

"Mmemjaza," alisema, "hamjamlisha."



Siwatu alilazwa, akanyweshwa maziwa ya tiba kidogo kidogo mpaka uvimbe ukashuka. Siku ya kutoka, nesi aliwakalisha kwenye benchi kama wasichana. Uji uwe mzito, alisema, usitiririke kijikoni. Ndani yake kuwe na karanga, au dagaa, au choroko. Majani ya kijani kila siku, tunda, mafuta kijiko kidogo, yai likipatikana. Mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, sahani yake peke yake. Na sukari na chai ya rangi wazisahau. "Na ile shubiri," akamgeukia Mwantumu, si kwa ukali, "mtoto alikuwa bado ana haki yake ya ziwa mpaka afike miaka miwili."

Mwantumu alitazama chini. Pembeni alimsikia Bi Kidawa anakohoa, na kikohozi hicho hakikuwa cha kifua.

Singano alikuwa akiwasubiri uani. Alipomwona mwanawe amelegea kwenye kanga kama nguo iliyofuliwa, aliapa mbele ya majirani, na machozi yakimtoka: "Mwaka huu sitazami nani kazaa. Atakayemrudisha mtoto huyu, mbeleko ni yake!"

Mwantumu alihisi kama mtu kavuta mkeka chini ya miguu yake. Mbeleko ile ilikuwa yake tangu siku ya uchungu. Sasa imewekwa katikati ya ua kama mfupa.

Akaamka kabla ya wote. Kiangazi kilikuwa kimekausha bustani zote za mlimani, akashuka bondeni kwenye mkondo uliokauka, akachimba mchanga mpaka maji yakachungulia. Akapanda mchicha kandokando, akapandikiza matembele, akayafunika na majani ya migomba jua lisiyaone. Akabadilisha maboga yake kwa dagaa wa wachuuzi. Akabeba choroko, karanga, papai lililoiva upande mmoja. Na alipomwona tetea wake anataka kuatamia, akayachukua mayai yote chini yake.

"Hee!" Bi Kidawa alishika kidevu. "Yai kwa mtoto? Ataota mkono wa wizi, mwanangu. Mama yangu alisema, na mama yake alisema."

"Basi na awe mwizi mzima, mama, kuliko mwaminifu kaburini."

Kidogo Bi Kidawa acheke. Akalichukua yai.

Na yeye akaamka, kwa kiuno kile. Ulezi aliuloweka, akaufunika kwenye kikapu chenye unyevu mpaka ukatoa vimea kama ndevu za mbuzi mdogo, akauanika, akausaga kwenye jiwe. Unga huo wa kimea, kijiko kimoja tu kikitiwa kwenye uji mzito, uji unalainika bila kuongezwa maji. Hilo hakufundishwa na nesi. Lilikuwa la nyanya yake. Dagaa aliwatoa vichwa na miiba, akawakaanga wakavu, akawatwanga, akawachekecha kwa kitambaa. Choroko na mchicha aliviponda mpaka vikawa kitu kimoja, yai akalivurugia humo, juu akadondosha mafuta ya nazi. Harufu ile ilimtoa Singano kwenye mizinga yake.

"Si yako," mama yake alimwambia.

Lakini Siwatu alifumba mdomo. Bi Kidawa alibembeleza mara moja, mara ya pili akambana pua kama walivyobanwa watoto wote wa zamani. Mtoto akapaliwa, akatapika, na tangu hapo akiona bakuli tu anaficha uso. Mwantumu akajaribu. "Kula, mwanangu. Kula, nakuomba. Kula, nimesema!" Kijiko kikaruka mpaka kwa kuku.

Hapo ndipo Mashavu alipokaa chini. Hakumpa kitu. Alitandika mkeka, akaweka sahani mbili, moja yake, moja ya mtoto, akaanza kula yake na kuzungumza nayo. "Wewe mchicha, umetoka wapi? Bondeni? Unanukia hivi kwa nini?" Mtoto alichungulia. Mashavu akaangalia kwingine. Siwatu alichovya kidole, akakipaka kwenye nywele, kwenye mkeka, kwenye paja la Mashavu. Mashavu akaimba. Kidole kikapotea njia, kikaingia mdomoni. Asubuhi nzima kwa ulambaji mmoja! Kesho yake tena, na keshokutwa. Mtoto akigeuza uso, Mashavu anaacha. Akifungua mdomo, Mashavu naye anafungua wake, mkubwa kama lango la zizi.

Mwantumu alikuwa anarudi kutoka bondeni, kikapu kichwani, tope mpaka magotini, aliposikia kicheko. Kile cha maji ya kibuyu. Alisimama nje ya ua. Mwanawe alikuwa mapajani mwa Mashavu, mdomo wa kijani, anacheka, na Mashavu anacheka, na hakuna aliyegeuka.

Wengine wangemshukuru Mungu. Naye alishukuru, msimwonee. Lakini shukrani ilikuja pamoja na kitu kingine, na hicho kingine ndicho kilichokaa.

"Mimi nakwaruzwa na mawe," alijisemea, "yeye anapakata."

Kesho yake alirudi na kikapu kitupu. "Maji yamekauka," alisema. Hayakuwa yamekauka. Mchicha aliuacha unapepea, mayai aliyaacha chini ya kuku. Siku hiyo na zilizofuata, Bi Kidawa aligeuza mwiko kwenye uji mtupu. "Kupika najua," alisema, "kuumba sijui." Mashavu akaimba mbele ya sahani nyeupe. Mtoto alikula alichopewa, na alichopewa hakikuwa kitu. Kisha Mwantumu akamwona mwanawe amekaa kivulini, siafu anapita mbele ya mguu wake, na macho ya mtoto hayakumfuata. Aliinuka hapo hapo, akashuka bondeni mbio, akarudi na kikapu kinachomwagika. Hakuna aliyemuuliza maji yametoka wapi. Lakini Bi Kidawa alimtazama, na kutazamwa kule kulikuwa na meno.

Mnadhani ni yeye peke yake? Haikupita muda, majirani walikuja kumwona mtoto. "Mama Siwatu, mboga zako zina dawa! Mashavu, una mkono wewe!" Wakaondoka. Chungu hakikutajwa. Bi Kidawa aliuweka mchi ukutani. "Kiuno," alisema, akaenda kulala mchana kweupe. Mwantumu akapika yeye. Choroko zikabaki kokoto, mwiba wa dagaa ukamkwama mtoto kooni mpaka Singano akamgeuza kichwa chini na kumpiga mgongoni. Mwantumu akaenda kupiga magoti mlangoni kwa mkwewe.

"Mama, nimeshindwa."

"Sema tena. Sikio hili lina nta."

"Nimeshindwa, mama! Bila chungu chako mtoto hali."

"Mh," akasema Bi Kidawa, na kiuno kikapona.

La Mashavu lilikuwa baya kuliko yote. Siku moja Mwantumu alichukua sahani, akakaa mkekani, akaimba wimbo ule ule. Siwatu akaisukuma sahani, akajikokota mpaka kwa Mashavu. Mbele ya watu! Mwantumu akasema neno ambalo hata kuku walilisikia: "Tasa hanifundishi kulisha."

Mashavu alifuta mikono, akachukua kanga yake, akaenda kwa kaka yake ng'ambo ya mlima. Na Siwatu akafumba mdomo. Mboga zilikuwepo, uji ulikuwepo, unanukia. Mtoto aliitazama njia tu. Jua lilipozidi kupanda, Mwantumu alishika njia ile ile.

Alimkuta Mashavu anapepeta mtama wa wifi yake.

"Sikuja kwa ajili yangu," Mwantumu alisema.

"Najua, dada. Na mimi sirudi kwa ajili yako."

Wakarudi pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Basi mvua zikanyesha, mahindi yakazaa. Siwatu akanona. Shingo ikapata pingili, nywele zikarudi nyeusi. Akawa anawakimbiza mbuzi waliosemwa atawaonea haya. Nesi alimpima, akawapa mkono mmoja mmoja wale watatu, kama wanaume waliojenga daraja.

Siku ya ngoma ikafika. Singano alitoka ndani na mbeleko mpya, nyekundu, imekunjwa mikononi mwake. Kijiji kizima kilikuwa uani. Na wanawake watatu wakapiga hatua, hatua ile ile.

"Nimemzaa," Mwantumu alisema. "Lakini hilo baba yake alishaliweka kando, basi naliweka. Nasema hivi: mnaweza kupika mawe? Mnaweza kulisha upepo? Kiangazi kile, kila kijani kilichoingia tumboni mwake kilitoka kwenye kucha zangu."

"Na kabla sijakigusa kilikuwa chakula cha mbuzi," alisema Bi Kidawa. "Wewe mwenyewe ulipika, ukataka kumuua kwa mwiba. Nimelea mwili wa mtoto huyu kwa kiuno kilichokwisha. Na nimebakiwa na siku ngapi za kubeba mtu?"

Mashavu alikuwa amejifunga kanga ya zamani, iliyokwisha rangi. Mgongo wake alikuwa ameupaka mafuta. Mwantumu aliuona ule mgongo, unang'aa, umeandaliwa, na roho ikamuuma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, ya huruma na ya wivu, na ya wivu ndiyo iliyopiga kelele.

"Chakula kilikuwepo," Mashavu alisema taratibu, "chungu kilikuwepo, na mtoto alikuwa anakufa mbele yake. Mimi ndiye niliyemfungua mdomo. Dada atazaa tena. Mama ana Singano. Mimi, ukiniondolea huyu, nani atanichemshia maji?"

Watu wakagawanyika. "Mpe mwenye mboga!" "Chungu, chungu!" "Asiyekula hana chakula, mpeni Mashavu!" Mzee mmoja akapaza sauti, "Asipewe mtu! Si hawa hawa waliomtia njaa kwa chai na miwa? Watatu walimharibu, watatu wamemtengeneza. Wameziba tu matundu yao!" Wanawake wakamzomea mpaka akatafuta kofia yake aondoke.

"Wazunguke kwa zamu," alisema mwingine.

"Mbeleko haifunguliwi njiani," wapiga ngoma wakajibu. "Ikifunguliwa njiani, mtoto hana kwao."

"Basi muulizeni mwenyewe!"

Wakamshusha Siwatu katikati. Wanawake watatu wakachutama, mikono mbele, kila mmoja kwa sauti yake tamu kuliko zote. Siwatu alimtazama mama yake. Akamtazama bibi yake. Akamtazama Mashavu. Kisha akawapita wote, akaenda moja kwa moja mpaka kwa jirani aliyekuwa anaepua maboga ya sherehe, akakaa chini, akaonyesha chungu.

"Nipe," alisema.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Singano hakucheka. Ngoma zilikuwa zimeshapashwa moto, ngozi zimekaza. Mama yake yuko kushoto, mke mkubwa kulia, mke mdogo mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyeushusha mkono wake.

Hapo alipokwama Singano ndipo ninapowaachia. Msiniangalie mimi, mimi nimeshafika mlangoni kwenu na mzigo wangu. Mbeleko ni moja, haikatwi, haifunguliwi njiani, na mtoto anamaliza boga lake sasa hivi. Shika wewe. Ungeifunga kwenye mgongo wa nani, na wale wawili utakaowaacha chini, ungewaambia nini?